Spika ya Katikati

Chiriku alikuwa na kawaida ya kuanza kuongea kabla hajafika nyumbani. Akitoka shule, sauti yake ilitangulia kuingia, mkoba ukafuata, yeye mwenyewe akaja mwisho. Ndiyo maana watu walimwita Chiriku, na hata mwalimu wake wa darasa la sita alilazimika kufikiri kidogo kabla ya kulikumbuka jina lake halisi.

"Bibi, nimerudi," aliita kutoka getini.

"Umerudi na akili, au umerudi na vumbi tu?" Bibi alijibu kutoka uani.

"Vyote viwili, Bibi."

"Basi vumbi liache nje, akili iingize ndani."

Maneno yalikuwa yale yale kila siku, na kila siku walicheka kana kwamba wameyasikia kwa mara ya kwanza. Chiriku hakuwahi kufikiri kwamba yangeweza kwisha.

Lakini masikio ya Bibi yalikuwa yanamwacha. Ilianza kama mzaha. Ukimwomba sahani, anakuletea sabuni, na nyumba nzima inacheka, yeye akiwa wa kwanza. Baadaye kicheko kikapungua. Daktari wa masikio alisema mishipa ya kusikia imechoka na haitapona, na kwamba sauti zitazidi kufifia mpaka ziishe. Vile vifaa vya kuvaa masikioni vilimletea mlio kama wa nyuki, akavivua. Alichoweza kukipata bado ni sauti kubwa, safi, isiyokwaruza, inayotoka mbele yake.

Na kulikuwa na sauti moja aliyotaka kuisikia kabla ya giza hilo la masikio. Ilikuwa kwenye video ya harusi ya Mama. Humo ndani Babu, ambaye Chiriku hakumkuta duniani, anasimama na kutoa hotuba fupi. Akimaliza, anamwendea Bibi, anaipa kamera mgongo, anainama na kumwambia jambo sikioni. Kipaza sauti bado anacho mkononi. Siku ile watu walikuwa wakipiga makofi na Bibi hakusikia neno lolote.

"Niliitikia kwa kichwa tu," Bibi alisimulia. "Nikasema nitamwuliza nyumbani. Nyumbani nikasahau. Nikaona tuna wakati. Mwaka haukwisha, akaondoka."

Mama alitaka kusikiliza kwa karibu ili amwambie, lakini Bibi alikataa katakata. "Hakuna mtu wa kunitangulia. Mume alikuwa wangu. Nataka nimsikie mwenyewe."

Hapo ndipo Mjomba alipoingia kazini. Mjomba alikuwa mdogo wake Mama, fundi wa redio na televisheni mwenye kibanda nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Sebuleni walikuwa na risiva, chombo cha kupokea sauti ya televisheni na kuigawa, iliyounganishwa na spika tano, na maboksi ya spika hizo aliyaranda Babu mwenyewe, maana alikuwa seremala. Spika ya katikati, ile iliyokaa chini ya televisheni, ndiyo iliyotoa maneno ya watu. Shida ilikuwa kwamba risiva haikuwa na nguvu. Ukiipandisha ili Bibi asikie, inaanza kukoroma.

Ijumaa moja Mjomba alifika akihema, amekumbatia boksi zito la chuma.

"Huyu anaitwa Punda," alisema akiliweka sakafuni. "Ni amplifaya. Kazi yake ni moja tu, kubeba. Mtazame vizuri. Unaona kitufe cha kupunguza sauti?"

Chiriku alilizunguka lile boksi lote. Halikuwa na kitufe chochote isipokuwa cha kuwashia.

"Hana, kwa sababu hana akili. Mwenye akili ni risiva. Risiva anapima sauti, anampa Punda kidogo kupitia waya mwembamba, Punda anaikuza na kuipeleka kwenye spika. Kwa hiyo Punda ni wa mwisho kuamka na wa kwanza kulala. Umwamshe kabla hujajua risiva anampa nini, atabeba chochote atakachokikuta. Nyuma ya risiva kuna matundu mengi, na moja ni la kurekodia. Humo sauti hutoka nzima nzima, haipimwi na mtu."

"Nimeelewa, Mjomba."

"Nimefurahi umeelewa. Sasa usiguse. Nyaya za spika bado ziko kwenye risiva, na waya mwembamba nilio nao haufai. Nitaleta mzuri Jumapili, tumalize, Bibi amsikie mzee wake."

Jumamosi Mama alimpeleka Bibi kliniki. Baba alikuwa dereva wa malori na wakati huo alikuwa safarini. Chiriku alibaki na rafiki yake wa darasani, Mapengo, aliyepoteza meno mawili ya mbele kwa kushuka ngazi kinyumenyume akijisifu. Huenda ungetegemea mtu wa namna hiyo awe na mengi ya kusema juu ya kujisifu, na kweli alikuwa nayo, ila hakuna aliyemsikiliza.

"Mjomba wangu kanifundisha kuunga amplifaya," Chiriku alisema.

"Na amekuruhusu?"

"Kanifundisha, nimekwambia."

Chiriku alipata waya mwembamba wa zamani kwenye droo ya televisheni. Akahamisha nyaya za spika ya katikati kutoka kwenye risiva na kuzibana kwenye Punda, kama alivyoelezwa. Akaenda nyuma ya risiva, mahali penye kiza na vumbi, akapapasa matundu. Yalikuwa mengi na maandishi yake madogo. Akachagua moja lililokubali waya, akafungulia muziki, akashusha sauti ya risiva hadi chini kabisa ili awe salama, kisha akamwasha Punda.

Kilichotoka hakikuwa muziki. Ilikuwa kama bati linalochanwa katikati ya chumba. Mapengo alijirusha nyuma ya kochi. Chiriku alibonyeza rimoti ya risiva mara kadhaa na sauti haikushuka hata kidogo. Halafu kukasikika mlio mfupi, spika ikanyamaza, na harufu ya plastiki iliyoungua ikaanza kutanda.

Alizima kila kitu. Akarudisha nyaya zote mahali pake, akaurudisha waya mwembamba kwenye droo, akafungua madirisha, akachukua gazeti na kuipepea harufu mpaka ikatoka.

"Mimi naona useme," Mapengo alisema kutoka nyuma ya kochi.

"Ukisema wewe, urafiki wetu umekwisha."

"Sisemi. Nimesema useme wewe."

Hakusema. Mama aliporudi alimkuta Chiriku ametulia akisoma, jambo ambalo siku nyingine lingemshtua mzazi yeyote. Lakini Mama alikuwa amechoka.

Jumapili Bibi alioga mapema. Alivaa gauni lake la rangi ya bluu, akajipaka manukato nyuma ya masikio yale yale yaliyomsaliti, akaketi kwenye kiti cha mbele na mikono mapajani. Alikuwa kama mtu anayesubiri mgeni. Chiriku alimtazama mara moja, na tangu hapo hakuweza kumtazama tena.

Mjomba aliunga nyaya polepole, akakagua mara mbili, akawasha risiva, akaiacha ikae, akamwasha Punda mwisho. Video ikaanza. Spika za pembeni zikatoa kelele za watu, lakini ya katikati ikatoa mkwaruzo kama mtu anayekuna sufuria, kisha ikafa.

Mjomba alizima haraka. Alipiga magoti, akaisogeza pua yake kwenye spika, akanusa.

"Imeungua," alisema.

"Umeiunguza spika ya marehemu baba yetu," Mama alisema.

"Dada, nimefuata hatua zote."

"Tangu utotoni ndivyo ulivyo. Unafungua vitu usivyoweza kuvifunga. Kwa nini usingeiacha kama ilivyokuwa?"

Mjomba alimgeukia Chiriku. "Mpwa wangu, kuna mtu aliyegusa hapa nilipokuwa sipo?"

Ule mdomo usiojua kupumzika ukawa mkavu. Neno moja lingetosha. Chiriku alilimeza.

"Hapana, Mjomba. Hakuna aliyegusa."

Bibi aliwatazama mmoja mmoja. Hakuwa amesikia chochote kati ya hayo. "Anaanza saa ngapi?" aliuliza.

Mjomba alimbeba Punda akarudi naye kibandani. Siku zikapita, na juma likaingia juma jingine. Alikuwa ameshapata spika nyingine ya kutia ndani ya boksi la Babu, lakini hakuthubutu kuiunga. Kila Chiriku alipopita kibandani akitoka shule, alimkuta amemfungua Punda tumbo, anapima na kutikisa kichwa.

"Spika mpya ninayo," alimweleza. "Ila sijui ile ya kwanza iliungua kwa nini. Nikiunga bila kujua, nitaunguza na hii, na dada hatanisemesha tena. Kosa limo humu mahali fulani, na sijaliona."

Chiriku alijua kwamba humo hamkuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa limesimama mbele ya meza, limevaa sare ya shule. Aliaga na kwenda zake. Siku hizo alikonda, na kila aliposikia Mama akimsema Mjomba kwa Baba kwenye simu, alikwenda chooni na kukaa humo bila haja. Jumapili mbili zaidi Bibi alivaa gauni la bluu. Jumapili iliyofuata hakulivaa, na hakuna aliyemwuliza sababu.

Kisha ikafika siku moja ya katikati ya juma. Chiriku aliita kutoka getini kama kawaida.

"Bibi, nimerudi."

Kimya. Aliita tena, kwa nguvu zaidi, mpaka jirani akachungulia. Akapita mbio hadi uani. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda, mgongo kwa jiko, akikunja nguo. Nyuma yake maharage yalikuwa yanachemka na kumwagika, mfuniko ukirukaruka na moto ukifoka. Bibi aliendelea kukunja nguo kwa utulivu, akipanga soksi mbili mbili.

"Bibi," Chiriku aliita, karibu kabisa na bega lake.

Hakugeuka. Chiriku aliuondoa mfuniko, akapunguza moto, na kivuli chake kilipopita juu ya nguo ndipo Bibi aliposhtuka.

"Umeingia kama mwizi," Bibi alisema.

"Nimeita, Bibi. Nimeita sana."

Bibi aliikodolea macho midomo yake, akiisoma. "Umeniita?" Alitabasamu, lile tabasamu la kumpa mgeni usiyemfahamu vizuri. "Basi leo sikukuuliza kama umerudi na akili."

Chiriku aliweka mkoba chini. Aliondoka bila kubadilisha nguo, akakimbia mpaka kibandani huku akilia waziwazi njiani, na watu wakimpisha.

"Ni mimi," alisema kabla Mjomba hajainua kichwa. "Niliunga Jumamosi ile. Nilitumia waya wa kwenye droo. Nafikiri niliuchomeka kwenye tundu la kurekodia. Sauti ilikataa kushuka. Spika ikaungua, nikarudisha kila kitu, nikasema hakuna aliyegusa. Punda ni mzima, Mjomba."

Mjomba alikuwa ameshika bisibisi. Aliitua mezani taratibu, kati ya vipande vya Punda vilivyotapakaa.

"Kumbe," alisema. Akavipanga vile vipande kimoja kimoja. Chiriku alitamani apigiwe kelele, kwa sababu kelele angezistahimili. "Mimi nimekuwa silali, mpwa wangu. Nimefika mahali nikaanza kuamini maneno ya dada, kwamba mimi ni wa kuharibu tu. Ungeniambia Jumapili ile ile, ingekuwa kazi ya dakika chache. Ningetia spika nyingine, Bibi angesikia siku ya pili yake."

"Na sasa?"

Mjomba alianza kurudisha vyuma ndani ya boksi. "Twende tukaone," alisema, na sauti yake haikuwa na matumaini.

Mama alikuwa amerudi kutoka kazini. Mjomba aliingia na Punda mikononi, akamwachia Chiriku nafasi. Chiriku alisema yote, toka droo hadi gazeti la kupepea. Mama alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa.

"Huyu anasema nini?" Bibi aliuliza.

"Mwambie mwenyewe," Mama alisema.

Ilimbidi Chiriku apige magoti mbele ya Bibi na ayaseme tena, taratibu, neno moja moja, ili midomo isomeke. Hakuna kukiri kugumu kama huko, ambako huwezi kuinamisha uso. Bibi alimtazama mpaka mwisho. Hakumkaripia. Aligonga kiti kilicho pembeni yake, na Chiriku akakaa.

Mama alimwendea ndugu yake. "Nisamehe, mdogo wangu. Nilikusema vibaya."

"Nishikie tochi, dada," Mjomba alijibu, akijifanya anatafuta tundu nyuma ya risiva. Ilikuwa njia yake ya kusema yamekwisha.

Kazi ilimalizika kabla chai haijapoa. Spika mpya ikakaa ndani ya boksi la Babu, risiva ikawashwa, na Punda akaamshwa mwisho. Chumba kikajaa sauti ya mzee ambaye Chiriku hakuwahi kumwona. Ilikuwa nzito, tulivu, yenye kikohozi kidogo katikati. Mama alijifunika mdomo kwa mkono. Mjomba aliinama.

"Bado hamjawasha?" Bibi aliuliza.

Mjomba aliongeza sauti. Vioo vya dirisha vikaanza kuimba. Akaongeza tena. Bibi alikaza macho kwenye picha ya mumewe akitikisa mikono, kisha akatazama kikombe kilichokuwa mezani mbele yake. Chai ilikuwa inatetemeka.

"Aa," alisema kwa upole. "Kumbe mmewasha."

Kwenye picha Babu alimaliza hotuba, akamwendea Bibi, akaipa kamera mgongo. Makofi yakapigwa. Akainama, na kutoka kwenye kipaza sauti alichokuwa amekishika chini yakatoka maneno machache, safi kabisa. Wote watatu waliyasikia. Bibi wa kwenye picha, hajazeeka bado, akaitikia kwa kichwa na kucheka. Mjomba akasimamisha video.

Bibi alimgeukia Chiriku. Kati ya wote waliokuwemo, alimchagua yeye.

"Masikio yangu ndiyo hayo yamekwenda. Niambie wewe. Usiongeze, usipunguze."

Chiriku aliona macho ya Bibi yalivyokuwa yanamngoja. Maneno aliyoyasikia yalikuwa madogo mno kwa mtu aliyesubiri miaka yote hiyo. Ingekuwa rahisi kuyakuza. Angeweza kusema Babu alisema anampenda, kwamba yeye ndiye nuru ya nyumba yake, na Bibi asingejua kamwe.

"Alisema," Chiriku alitamka polepole, "'Wewe, umekula lakini?'"

Mabega ya Bibi yakaanza kutikisika, na haikujulikana mara moja kama anacheka au analia. Vyote viwili vilikuwa vinakuja pamoja.

"Sikuwa nimekula," alisema. "Tangu asubuhi nilikuwa nahudumia wageni, hata chai sikuonja. Na mimi nikamwitikia kwa kichwa. Mzee wa watu akaenda kukaa akijua nimekula." Alijifuta machozi kwa kiganja. "Ndiye huyo. Ungeniletea maneno matamu, ningejua ni ya kwako. Mzee hakuwa na maneno matamu."

Mjomba alichuchumaa mbele ya mpwa wake. "Sikia. Kuunguza spika ni kosa la mtoto asiyetii, na kosa hilo lina dawa. Nimekwenda dukani, nimepata nyingine. Lakini ile 'hapana' yako ilikula siku ambazo Bibi alikuwa bado anasikia. Siku hazina spea. Hakuna duka nitakalokwenda nikazipata. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama unaogopa. Sema ukiwa unaogopa."

"Ndiyo, Mjomba."

"Sasa kazime. Unaanza na nani?"

"Punda," Chiriku alisema. Akamzima Punda kwanza, kisha risiva, na sebule ikawa kimya kwa wote sawasawa.

Siku iliyofuata Chiriku alitoka shule bila kupiga kelele. Alifungua geti, akapita sebuleni, akaenda uani hadi mbele ya Bibi, mahali ambapo uso wake ungeonekana. Akachuchumaa.

"Bibi, nimerudi."

Bibi alisoma midomo yake. "Na akili, au na vumbi tu?"

"Vyote viwili." Akangoja kidogo, kisha akaongeza taratibu, "Umekula lakini?"

Bibi alikuwa ameshaanza kuitikia kwa kichwa. Akajizuia.

"Bado," alisema. "Nilikuwa nakungoja wewe."